Gredi za mwisho zimetoka vituko? Tafuta dalili yako hapa

Wakuu, hii ni kwa malekchara, watu wa ofisi ya mitihani na wale vijana wa idara wanaosukumiwa kazi ya "hebu tuunganishie hizi maksi" siku moja kabla ya bodi ya mitihani kukaa. Mimi niko Moshi na shughuli yangu ndo hii, kutengeneza na kufufua mafaili ya matokeo ya Excel. Wengi wanaonitafuta ni wale wanaofundisha Arusha katikati ya wiki alafu wanapanda Coaster kuja kupiga part time huku, laptopu moja, vyuo viwili, mafaili yote yako kwenye desktop na moja linaitwa MATOKEO FINAL na lingine MATOKEO FINAL SAHIHI. Hapo tu ugonjwa umeshaanza.

Mizani nitakayoitumia ni ile ya digrii iliyozoeleka: A kuanzia 70, B+ 60, B 50, C 40, D 35, chini ya hapo E, na CA (kazi na test za semista) ni 40, UE (mtihani wa mwisho) ni 60. Chuo chenu kikiwa na mipaka mingine badilisha namba, mantiki ni ileile.

Kabla hujagusa fomula hata moja jiulize tatizo liko kwa nani. Kama ni mwanafunzi mmoja mmoja hapa na pale, kosa liko kwenye kile kilichoandikwa ndani ya seli zao. Kama ni kuanzia mstari fulani kwenda chini, ama fomula imeteleza ama kuna mtu kasoti nusu ya shiti. Kama ni darasa zima, basi ni mizani, uzito wa CA na UE, au setingi ya programu yenyewe. Watu wanaruka hili swali wanaanza kuandika fomula upya usiku kucha wakati tatizo lilikuwa nafasi tupu moja mbele ya namba ya usajili.

Na jingine: ile alama ya kosa ya #N/A au #VALUE! inayokukera ndo rafiki yako, maana imekuambia. Za kuogopa ni zile ambazo shiti imetulia, rangi zimependeza, kila mtu ana gredi, na gredi sio yake.

Hakufanya mtihani lakini ana A

Naianza hii kwa sababu ndo mbaya kuliko zote. Kuna chuo kimoja huku Kaskazini shiti ilifika ofisi ya mitihani ikiwa na binti ana A kwenye somo ambalo hakutokea kabisa chumba cha mtihani. Aliyelikamata ni mama mmoja wa pale ofisini anayesoma matokeo mstari kwa mstari akisogeza rula kwenye karatasi, akafika pale akasimama akasema huyu si ndo yule aliyeleta barua ya kuahirisha kwa sababu ya uzazi? Kompyuta zote zilizopitiwa na lile faili hazikuona kitu.

Kilichotokea ni hiki. Lekchara aliandika ABS (yaani hakutokea) kwenye kolamu ya jumla, kama wengi tunavyofanya, na fomula ya gredi ilikuwa hii ya kila siku:

=IF(F2>=70,"A",IF(F2>=60,"B+",IF(F2>=50,"B",IF(F2>=40,"C",IF(F2>=35,"D","E")))))

Sasa Excel ikilinganisha maandishi na namba, maandishi siku zote ni makubwa kuliko namba yoyote. Ndo ilivyotengenezwa. Kwahiyo ABS ni kubwa kuliko 70, swali la kwanza tu linajibu ndiyo, mtu anapewa A. Andika INC, andika "mgonjwa", andika hata nukta, ni A. Na hata 38 iliyoingia kama maandishi nayo ni A, hiyo tutaifikia.

Kuna ndugu yake wa upande wa pili. Kama ABS umeiandika kwenye kolamu ya UE alafu jumla unaipata kwa SUM, ile SUM inaruka maandishi kimyakimya, mwanafunzi anabaki na CA peke yake, mfano 32, anapewa E. Yaani mtu mwenye ruhusa ya kuahirisha anasomeka amefeli. Ukitumia kujumlisha kwa alama ya + badala ya SUM unapata #VALUE!, inatia doa shiti lakini angalau inasema ukweli.

Na seli tupu? Tupu ni sifuri kwa SUM na kwa +, zote mbili. Kwenye AVERAGE ni tofauti, tupu hairuhusiwi hata kuhesabiwa, kwahiyo aliyekosa test ya pili anapewa wastani wa test moja na anaweza kuwashinda waliofanya zote mbili.

Dawa ni kuilazimisha shiti ikague kabla ya kujumlisha. CA ikiwa kolamu D, UE kolamu E na jumla F, kwenye jumla weka =IF(COUNT(D2:E2)<2,"I",D2+E2), maana COUNT inahesabu namba halisi tu, ikikosa mbili inakupa I (haijakamilika) badala ya kukisia. Alafu kolamu ya gredi ianze na =IF(ISNUMBER(F2), kisha ule mnyororo wa IF, na mwisho kabisa ,F2) ili kama jumla sio namba ile I ipite kama ilivyo. Sababu ya kutofanya mtihani iandikwe kwenye kolamu yake ya maelezo pembeni, sio ndani ya kolamu ya maksi.

Jumla ni ndogo kuliko unavyopata kwa kikokotoo

Umejumlisha kwa simu umepata 61, shiti inasema 33. Hapa asilimia kubwa ni namba zilizoingia kama maandishi, hasa kama maksi umezikopi kutoka WhatsApp, PDF au kwenye mfumo wa chuo. Utaziona zimeegemea kushoto mwa seli, na pembeni kuna kapembe ka kijani. Ila kama kuna mtu alishaweka seli zote katikati hiyo ya kuegemea haitakusaidia, tumia =ISNUMBER(D2) uone inasemaje.

Kuzigeuza, chagua kolamu nzima, nenda Data, Text to Columns, bonyeza Finish, basi. Wengine wanafundisha ile ya kuandika 1 kwenye seli tupu, kukopi, alafu Paste Special na Multiply. Inafanya kazi lakini kuwa makini, zile seli ambazo zilikuwa tupu zinageuka sifuri, kwahiyo wote ambao hawakufanya test wanakuwa wamefanya na wakapata zero. Mimi siipendi kwa sababu hiyo.

Mwanafunzi kapata maksi 45572

Hii inachekesha mpaka ikukute. Umeandika maksi ya kwizi kama inavyoandikwa kwenye karatasi, 7/10. Excel imeona tarehe, tarehe 7 mwezi wa 10, na ndani kabisa tarehe zinatunzwa kama idadi ya siku kuanzia mwanzo wa mwaka 1900. Tarehe 7 Oktoba 2024 ni 45572. Kama kompyuta imewekewa setingi za Marekani itasoma tarehe 10 Julai badala yake, kwahiyo faili lilelile laptopu mbili tofauti zinaandika vitu viwili tofauti. Alafu kwenye kolamu hiyohiyo mwenye 19/20 hatageuzwa kwa sababu hamna mwezi wa 19 wala wa 20, atabaki maandishi. Kolamu moja, tarehe na maandishi vimechanganyika, na wastani wa darasa ndo unakuwa elfu arobaini na kitu.

Kubadilisha formati kuwa Number hakurudishi 7 yako, kunakuonyesha 45572 tu. Rudi kwenye karatasi uandike upya, na uandike cha juu peke yake, 7, ile "kati ya 10" ikae kwenye kichwa cha kolamu.

#N/A kwa baadhi ya watu, na namba zao unaziona kwa macho kabisa zipo

Unachukua CA kwenye shiti moja unaipeleka kwenye shiti ya UE kwa VLOOKUP, ile fomula ya kutafuta, kwa kutumia namba ya usajili, wengi wanapita, saba wanane wanagoma. Anza na =LEN(A2) kwenye namba inayogoma na inayopita, kama idadi ya herufi inatofautiana basi kuna nafasi tupu imejificha. TRIM inaondoa nafasi za kawaida lakini ukikopi kutoka kwenye ukurasa wa intaneti kuna nafasi ya aina nyingine ambayo TRIM haiigusi, hiyo tumia =TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),"")). Kama urefu ni sawa, tafuta mtu aliyeandika herufi O badala ya sifuri. Hawa wapo kila darasa, na mara nyingi ni wanafunzi wenyewe walijaza kwenye fomu ya mahudhurio.

Namba zinazoanza na sifuri zinapoteza sifuri ukifungua CSV (faili la maandishi matupu) kwa kubofya mara mbili. Fungua Excel kwanza, nenda Data, From Text/CSV, useme kolamu ile ni Text. Na kama kuna mwenye wazo la kutambua wanafunzi kwa namba ya NIDA bila vistari, msimruhusu, ile ina tarakimu 20 na Excel inashika 15 tu, zinazobaki inaweka sifuri. Wanafunzi waliozaliwa siku moja wanaweza kuishia kuwa mtu mmoja.

Angalia pia mwisho wa VLOOKUP yako. Kutafuta mtu lazima iishie na FALSE au 0. Ukiacha wazi Excel inachukulia TRUE, yaani "tafuta inayokaribiana", na inayokaribiana na Godlisten ni mtoto wa watu mwingine kabisa, tena bila #N/A wala nini. Kutafuta gredi kwenye jedwali la mizani ndo sehemu pekee ya kutumia TRUE, na lile jedwali lazima lianze na namba ndogo juu kwenda kubwa chini, 0, 35, 40, 50, 60, 70. Ukilipanga kama lilivyo kwenye prospectus (kitabu cha taratibu za chuo), A juu E chini, unapata majibu ya ajabu.

Skrini inaonyesha 70 lakini gredi ni B+

Mwanafunzi atakuja na hii na screenshot mkononi, na ana haki. Mfano CA 27.75, UE 41.8, jumla 69.55. Seli imewekewa kuonyesha bila desimali kwahiyo unaona 70, lakini fomula ya gredi inasoma kilichomo ndani, 69.55, inatoa B+. Kuonyesha sio kukadiria. Kama taratibu za chuo zinasema jumla ikadiriwe kwenda namba nzima, fanya kwa ROUND(D2+E2,0) ndani ya seli. Kama haziruhusu kukadiria, basi onyesha desimali ili kila mtu aone 69.55 na ugomvi uishe hapo.

Ila ukadirie mara moja, mwisho. Angalia huyu: CA 27.5, UE 41.5. Jumla ni 69, B+. Lekchara mwingine anakadiria kila kipande kwanza, 28 na 42, inakuwa 70, A. Karatasi zilezile gredi mbili. Nimeona idara ambayo kozi moja inafundishwa na watu wawili, kila mmoja na faili lake, mmoja anakadiria kila kipande mwingine hakadirii, wanafunzi wa mkondo mmoja wanabebwa na hamna anayejua kwanini.

Ukiona neno FALSE au E kwa mtu mwenye sitini na tisa na kitu, hiyo ni fomula iliyonakili prospectus neno kwa neno, 60 hadi 69 ni B+, 70 hadi 100 ni A, imeandikwa AND(F2>=60,F2<=69). Mwenye 69.5 hayupo kwenye kundi lolote, anaanguka katikati. Tumia mpaka wa chini peke yake.

Alafu kuna hii ambayo hata watu wa ICT inawapita. ROUND ya kwenye seli za Excel inapeleka nusu juu, 34.5 inakuwa 35. Lakini Round ya kwenye makro za VBA (programu ndogo zinazoandikwa ndani ya Excel), na round ya lugha ya programu ya Python, zinapeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, kwahiyo 34.5 inakuwa 34. Ukiangalia mipaka yetu, 39.5 inaenda 40, 49.5 inaenda 50, 59.5 inaenda 60, 69.5 inaenda 70, zote shufwa, kwahiyo njia zote mbili zinakubaliana na unaamini makro yako iko poa. Mpaka mmoja tu ndo unawagawa, 34.5, wa D na E. Yaani anayeumia ni yule wa chini kabisa ambaye hata kukata rufaa anaona aibu. Kama mna makro, badilisha itumie WorksheetFunction.Round, kwa Python tumia moduli ya decimal na ROUND_HALF_UP.

Maksi ni za mtu mwingine

Neema analalamika ana 43 na yeye darasani ni moto. Darasa la huku kwetu lina akina Mushi, Massawe na Lyimo wa kutosha na majina ya kwanza yanajirudia, sasa ukitafuta kwa jina VLOOKUP inakupa wa kwanza iliyemkuta na inaishia hapo, wa pili na wa tatu wote wanavaa maksi za wa kwanza. Jina ni la kusomea tu, kutafuta ni kwa namba ya usajili.

Kama majina yako tofauti lakini darasa zima limechanganyikana, kuna mtu amesoti kolamu moja. Excel huwa inauliza kama unataka kupanua uchaguzi, mtu kwa haraka anabonyeza ile ya pili, majina yanapangwa A mpaka Z na maksi zimebaki palepale. Jinsi ya kuhakikisha: chukua karatasi za watu watatu, wa juu, wa katikati na wa mwisho, linganisha. Zote tatu zikigoma, sahau kurekebisha. Hamna fomula ya kurudisha mpangilio uliopotea kama faili limeshasevu na kufungwa, rudi kwenye kopi ya jana au rudi kwenye karatasi. Baadaye geuza orodha yako kuwa jedwali kwa Ctrl+T, ukisoti kolamu moja mstari mzima unafuata, na ondoa zile seli zilizounganishwa za kupendezesha vichwa.

Na kufilta nako kuna mtego. Umefilta Mkondo B, umekopi maksi zao ukapesti. Wewe unaona mistari ya B tu, lakini Excel inapesti kushuka chini mfululizo pamoja na ile iliyofichwa, kwahiyo nusu ya maksi za B zimekaa kwa watu wa A. Ondoa filta, soti kwa mkondo, ndo upesti.

Wa juu wako sawa, wa chini wamechafuka

Ni alama ya dola. Umeandika jedwali la mizani H2:I7, ukaburuta fomula, mstari wa pili ikawa H3:I8, wa tatu H4:I9, kila ukishuka jedwali linakatwa kichwa. Wenye E wanaanza kupata #N/A kwanza. Andika $H$2:$I$7 imeisha.

Ya kufanana nayo ni ile ya wastani kutofika mwisho wa orodha, umeongeza wanafunzi waliochelewa kusajiliwa chini na fomula haikuwachukua. Hii imewakuta wakubwa. Wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa kazi yao ya deni la taifa na ukuaji wa uchumi mwaka 2010, serikali zikaitolea mfano sana, mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, akafungua shiti yao akakuta wastani umeishia njiani umeacha nchi tano. Nchi tano! Kwahiyo wewe ukikosa wanafunzi watano wala usijione mjinga, bofya seli ya wastani, bonyeza kitufe cha F2, uangalie kile kiboksi cha rangi kinaishia wapi.

Nimebadilisha maksi, gredi haibadiliki

Ukiona fomula yenyewe badala ya jibu, seli ina formati ya Text, ibadilishe kuwa General alafu ingia ndani ubonyeze Enter. Kama majibu yapo ila yameganda, nenda Formulas, Calculation Options, weka Automatic. Inakera kwa sababu Excel inachukua setingi hiyo kutoka faili la kwanza ulilofungua siku hiyo, kwahiyo ukianza na faili la mtu aliyeweka Manual, mafaili yako yote yanaganda nayo na wewe unalaumu laptopu.

Moodle inasema 95, lekchara anasema 23.75

Kwa default Moodle, ule mfumo wa kozi za mtandaoni, inaruka kazi ambazo hazina maksi. Mwanafunzi aliyekusanya asainmenti moja kati ya nne, akapata 95 kwenye hiyo moja, anaonekana ana 95. Anafurahi semista nzima. Kwenye setingi za kategoria ya gredi toa tiki kwenye Exclude empty grades, ila fanya hivyo baada ya tarehe za kukusanya kupita, vinginevyo darasa zima litaonekana limefeli wiki ya tatu.

Uzito nao: kwenye ule ukokotoaji unaoitwa Natural uzito unafuata maksi ya juu ya kila kazi. Asainmenti huja na 100, kwizi huja na 10, usipogusa kitu asainmenti moja inakula kwizi kumi. Wewe ulitaka ziwe sawa.

GPA haifanani na ile mwanafunzi aliyopiga mwenyewe

Chukua semista moja, kozi tano. Kredit 12 ana B, kredit 12 ana B, kredit 10 ana B, kredit 8 ana B+, kredit 8 ana A. Pointi ni 3, 3, 3, 4, 5. Mwanafunzi anajumlisha 18 anagawa kwa 5, anapata 3.6, anawapigia simu nyumbani Upper Second hiyo. Lakini kila pointi inazidishwa na kredit zake: 36, 36, 30, 32, 40, jumla 174, gawa kwa kredit 50, ni 3.48.

Sasa hapa ndo watu wanagombana. ROUND ya desimali moja inatoa 3.5, Upper Second. Lakini GPA kwa vyuo vyetu kawaida inakatwa, haikadiriwi, 3.48 ni 3.4, na Upper Second inaanzia 3.5 mpaka 4.3, kwahiyo kwa kasi hiyo ni Lower Second. Kredit zikiwa kolamu C na pointi D, fomula ni =TRUNC(SUMPRODUCT(C2:C6,D2:D6)/SUM(C2:C6),1). Aliyeweka ROUND anagawa klasi za bure, na aliyeweka ROUNDUP sijui alikuwa anamsaidia nani.

GPA ya mwisho ya miaka mitatu usiipate kwa wastani wa GPA za semista. Zile zimeshakatwa kila moja na semista hazina kredit sawa. Beba pointi na kredit zote mpaka mwisho, gawa mara moja, kata mara moja.

Faili limekataliwa na mfumo wa chuo

Hapa nenda haraka: code ya kozi kwenye faili ina nafasi katikati na kwenye mfumo haina, mwaka wa masomo ni wa templeti ya zamani, au mwanafunzi hajajisajili kwenye kozi hiyo kwenye mfumo hata kama alikaa darasani semista nzima. Huyo wa mwisho hutamrekebisha wewe, mtume ofisi ya usajili.

Jina kama Ng'wandu likitoka na takataka katikati, ile alama ya juu imetoka Word ambako imepindishwa, na faili limesevu kwa usimbaji mwingine. Sevu kama CSV UTF-8. Na mkitoa matokeo ya chuo kizima kwa pamoja msitumie .xls ya zamani, mwisho wake ni mistari 65,536. Wanafunzi 5,000 mara kozi 14 ni 70,000, wengine wanadondoka bila kelele. Uingereza Oktoba 2020 karibu wagonjwa 16,000 wa korona walichelewa kuingia kwenye takwimu kwa sababu ya formati hiyohiyo. Tumia .xlsx, inabeba zaidi ya milioni moja.

Mwisho, kabla hujatuma faili popote ongeza mistari michache ya watu wa uongo chini: mmoja mwenye jumla 34.5, mmoja 69.5, mmoja CA 27.5 na UE 41.5, mmoja ABS, mmoja UE tupu, mmoja mwenye 38 iliyoandikwa kama maandishi kwa kutanguliza alama ya '. Soma gredi walizopata. Kama yeyote kapata kitu ambacho huwezi kukitetea mbele ya bodi, rudi juu kwenye dalili yake. Alafu uwafute, kuna mahali JARIBIO 3 ilibandikwa ubaoni pamoja na wanafunzi wa kweli na ilikuwa imepata A.